Jehanamu ya Dante barazani Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi nina duka dogo la stesheneri hapa Ngamiani: kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, lamineti. Jumatano baada ya isha tunatoa mabenchi nje, muuza kahawa anatia birika lake kona ile, tunasoma wimbo mmoja wa Jehanamu ya Dante, kisha tunabishana mpaka usingizi utushinde. Kwa kuwa watu wanakuja na maswali yale yale, nimeona niyaandike mara moja nipumzike koo.

Dante ndiye nani, na hiyo Jehanamu yake ni kitu gani?

Dante Alighieri alikuwa mtu wa Florence, Italia. Alizaliwa 1265, akafia uhamishoni Ravenna 1321. Shairi lake lina nyimbo 100: 34 za Jehanamu, 33 za toharani na 33 za peponi. Anajisimulia mwenyewe kuwa mwaka 1300, siku za Pasaka, amefika nusu ya umri wake akapotea msituni, ndipo Virgil, mshairi wa Kirumi aliyekwisha kufa zamani, akaja kumchukua na kumteremsha chini. Jehanamu yake ni shimo lenye umbo la faneli, maduara tisa. Kila ukishuka duara linakuwa jembamba na dhambi inakuwa nzito.

Kwa wapenzi wa bahari zetu za ushairi: mshororo wake una mizani 11 na ubeti wake una mishororo mitatu. Kina cha mshororo wa kati kinakuwa kina cha wa kwanza na wa tatu katika ubeti unaofuata, kwa hiyo beti zimeshikana kama pete za mnyororo, huwezi kuchomoa moja. Kuna mwalimu mstaafu barazani kwetu aliyeapa kuzigeuza zote kuwa tathlitha za Kiswahili. Alifika ubeti wa tisa, akaagiza kahawa ya pili, na mpaka leo hajaulizwa tena. Tunachofanya ni kusoma tafsiri ya Kiingereza, na yeye anaigeuza papo hapo kwa mdomo.

Sisi Waislamu tuna habari zetu za Jehanamu. Ya Mkristo wa Italia ya nini?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila anayepita akisikia neno "Jehanamu" kwenye kipaza sauti. (Tulikuwa na kipaza sauti. Hatuna tena, majirani walikuwa na haki.)

Kwanza, katika mashairi jambo hili si geni kwetu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inakupitisha kwenye majumba ya Pate yaliyobaki popo na makinda ya ndege, kisha inakupeleka motoni, tabaka kwa tabaka, kwa majina yake. Nayo pia ilitungwa na mtu aliyeutazama mji wake na wakubwa wake waliojisahau.

Pili, mwaka 1919 padri na mwanachuoni wa Hispania, Miguel Asín Palacios, alitoa hoja kwamba Dante alichota mengi katika masimulizi ya Kiislamu ya Miraji. Wataalamu wa Italia walikuja juu, na ubishi haujaisha. Lisilo na ubishi ni kwamba katika duara la kwanza, penye watu wema wasiokuwa Wakristo, asipoweka adhabu ila huzuni, Dante amewaweka wanafalsafa Ibn Sina na Ibn Rushd, pamoja na Sultani Salahuddin. Salahuddin yuko peke yake pembeni.

Tatu, nisiwafiche. Katika Wimbo wa 28 Dante amemtaja Mtume wetu (S.A.W.) na Sayyidna Ali mahali ambapo Muislamu hawezi kupasoma bila kuumia. Wakristo wengi wa Ulaya wa zama zile waliuona Uislamu kuwa mfarakano uliochipuka ndani ya dini yao, naye akaandika walivyoamini watu wake. Ni ujinga wa zama zake na haupunguziwi kwa sababu aliyeuandika ni fundi. Usiku wa wimbo huo tulikubaliana beti zile zisisomwe kwa sauti. Wawili waliondoka hata hivyo. Mmoja alirudi wiki ya pili, mwingine hakurudi, na sikumlaumu.

Mnatumiaje mambo ya miaka 700 iliyopita kwa maisha ya umma ya leo?

Dante alikuwa mwanasiasa kabla hajawa msafiri wa kuzimu. Mwaka 1300, kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Agosti, alikuwa mmoja wa wakuu sita wa mji wa Florence. Upinzani uliposhika mji, mwezi Januari 1302 akahukumiwa. Kosa? Kuuza madaraka ya umma, yaani mlungula. Faini florini 5,000 na uhamisho. Mwezi Machi hukumu ikaongezwa: akikamatwa achomwe moto mpaka afe. Baraza la mji wa Florence lilikuja kuifuta hukumu hiyo mwaka 2008, wakati mwenyewe amekwisha kuwa vumbi la Ravenna.

Kwa hiyo huyu anayeandika habari za wala rushwa aliwahi kusomewa shtaka la rushwa. Anajua ofisi inavyonuka kutoka ndani, na anajua pia shtaka linavyoweza kutengenezwa. Ukiijua hiyo, kila duara unalosoma linakuwa na masizi ya jikoni.

Hayo maduara nayachanganya. Hakuna njia rahisi ya kuyakumbuka?

Mtu wa Ngamiani hana haki ya kuuliza hivyo. Sisi tunaelekezana kwa barabara ya ngapi, nyumba ya ngapi kutoka kona, na hakuna anayepotea ila mgeni. Dante ni vivyo hivyo. Duara la pili, zinaa. La tatu, ulafi. La nne, uchoyo pamoja na ubadhirifu. La tano, hasira. La sita, wazushi wa dini. La saba, wenye kutumia nguvu. La nane, walaghai, na hili limegawanyika mitaro kumi. La tisa, wasaliti. Ukiambiwa "nane, mtaro wa tano" unajua pa kugonga hodi.

Lango lake limeandikwa kwamba anayeingia aache matumaini yote. Mji wetu una sifa ya "waja leo waondoka leo". Kule waja leo hawaondoki.

Mbona mmekaa wiki sita kwenye ukumbi wa Jehanamu na hamkuingia ndani?

Kwa sababu tulijikuta humo.

Kabla ya mto, kabla ya duara la kwanza, Dante anakuta kundi kubwa mno la watu wanaopiga kelele. Hawa hawakutenda uovu wa kutajika wala wema wa kusifika. Mbingu zimewakataa wasije wakazichafua, na shimo nalo limewakataa wasije waovu wakapata wa kujilinganisha nao. Wako uchi, wanaumwa na nyigu na mavu, damu inawachuruzika usoni ikichanganyika na machozi, na miguuni mafunza wanaikusanya. Nao wanakimbia nyuma ya bendera.

Mwalimu alipofika hapo kwenye bendera alinyamaza. Halafu mama mmoja anayeuza vitumbua barabara ya pili akaitikia kutoka nyuma, kama mtu anayemalizia kitendawili: "Bendera hufuata upepo."

Watu walicheka sana. Maana kwetu methali hiyo ni lawama kwa bendera, na kwa Dante wanaofuata ni watu, wala hasemi bendera ile ina rangi gani. Haina haja ya rangi. Mtaani petu kuna bwana ana fulana za vyama vitatu, zote zimepigwa pasi, na wakati wa kampeni anaulizia kwanza mkutano ni wa nani ndipo avae. Ana kofia pia, na mkewe ana khanga. Alikuwepo jioni ile na alicheka kuliko wote.

Lakini kicheko kilipoisha mzee mmoja wa Chumbageni aliuliza: haya maneno ya watu hawa, ya Kiswahili yangekuwaje? Wangekuwa wanasema nini wakikimbia? Kila mtu akatoa lake. "Mimi simo." "Hayanihusu." "Yaache kama yalivyo." "Wenyewe wanajua." Na moja lililotufunga mdomo kwa sababu wote tulikuwa tumelisema wiki hiyo hiyo: "Yangu macho."

Neno zuri hilo, na tunalitamka kwa fahari, kana kwamba kutazama ni kazi. Na hapo ndipo ilipotuingia kwamba ukumbi wa Jehanamu, kwa mpango wa nyumba zetu za pwani, ndipo penye baraza. Nje ya mlango. Watu wamekaa, wanaona nani kaingia na nani katoka na kabeba nini, wana kahawa, na yao macho. Yaani sisi.

Lazima niseme na langu, maana tulipangiana hivyo: asiseme mtu fulani yuko duara gani kabla hajasema yeye mwenyewe yuko wapi.

Miaka michache iliyopita alikuja dukani bibi mmoja mwenye buibui la kuchakaa, kashika mfuko wa plastiki umekunjwa mara nne. Ndani barua ya toleo ya kiwanja, stakabadhi za malipo, na picha ya marehemu mumewe ambayo haikuwa na haja ya kopi lakini alitaka ikopiwe pia. Kila karatasi aliilainisha kwa kiganja kabla hajanipa. Nilimtolea kopi. Haikupita wiki, kaja kijana nadhifu kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja, anataka kuchapiwa hati ya mauziano. Nikachapa. Namba ya kiwanja ilikuwa ile ile. Jina la muuzaji silijui. Na tarehe aliyotaka iandikwe ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Nilisimamisha vidole, nikamtazama, naye akanitazama bila hata kupepesa, akasema, "Kaka, wewe chapa." Nikachapa. Elfu tatu.

Bibi akarudi baada ya miezi, rafiki wa mumewe mwenye kanzu yuko nyuma yake kama shahidi. "Mwanangu, si uliziona karatasi zangu? Si namba uliiona?" Nami, nikiwa nimeshika rimu ya karatasi ili nisishike kitu kingine, nikamjibu, "Bibi, mimi kazi yangu kuchapa. Mambo ya ofisini yangu macho."

Kwa hiyo wiki sita.

Wala rushwa wako wapi?

Duara la nane, mtaro wa tano, Wimbo wa 21 na wa 22. Hizi ndizo nyimbo za kuchekesha kuliko zote, na watu wa pwani wana faida kubwa kuzielewa.

Dante akitazama chini anaona lami nyeusi inachemka. Inamkumbusha karakana ya meli ya Venice wakati wa baridi, meli zisipoweza kusafiri: huyu anaunda chombo kipya, huyu anaziba mbavu za chombo kilichochoka safari, huyu anagonga omo, huyu tezi, mwingine anasokota kamba, mwingine anatia viraka tanga. Barazani tunaye mzee aliyekuwa fundi wa majahazi. Aliposikia hayo alikaa wima. Alituelezea kukalafati: pamba iliyochovywa mafuta inavyoshindiliwa baina ya mbao kwa patasi na nyundo, deheni ya shahamu na chokaa inavyopakwa chini ya maji, na sifa, mafuta ya ini la papa, inavyopakwa juu. Harufu yake haitoki mkononi siku tatu. Ukila, unakula nayo. Ukishika mtoto, mtoto ananuka. "Huyo Dante," akasema, "aliwahi kusimama karibu na chombo."

Ndiyo maana rushwa ni lami. Inanata. Inafunika, kwa sababu haifanyiki hadharani. Mashetani wenye kulabu wanamzamisha kila anayechomoza mgongo, kama wapishi wa shughuli wanavyozisukuma nyama chini ya sufuria zisielee, na wanamkejeli: hapa cheza umefunikwa, na kama unaweza kuiba, iba kwa siri. Shetani mmoja anafika na mzee wa mji wa Lucca begani kama gunia, anamtupa, anasema anarudi kuchukua wengine, maana kule kila mtu ni mla mlungula isipokuwa Bonturo. Huo ni mzaha: Bonturo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Na anaongeza kwamba kule, kwa fedha, "hapana" inageuzwa "ndiyo".

Tumeijadili hiyo "hapana" kwa urefu. Kwetu haigeuzwi papo hapo. Kwanza inakuwa "njoo kesho". Halafu "faili halionekani". Halafu "mwenye ufunguo katoka". Halafu mtu anakufuata hadi kwenye mwembe anakwambia ungeongea vizuri na yule dada. Na kitu chenyewe hatukiiti kwa jina lake: chai, soda, kitu kidogo, maji ya kunywa. Lugha nayo tumeikalafati. Bunge letu mwaka 2000 liliwahi hata kuingiza takrima ndani ya sheria ya uchaguzi, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na watu wakala pilau kwa mujibu wa sheria mpaka Mahakama Kuu ilipoitangua mwaka 2006.

Katika Wimbo wa 22 mashetani wenyewe, hao wakamataji, wanadanganywa na mfungwa mmoja mjanja, wanagombana, wawili wanatumbukia ndani ya lami, mbawa zinanasa. Hatukuhitaji kuelezana.

Na machawa?

Mtaro wa pili wa duara hilo hilo. Wamezama kwenye kinyesi. Dante anasema ni kama kilichotoka vyooni mwa binadamu, na haongezi mapambo. Waliokuwa wakitoa maneno matamu mdomoni sasa mdomo una kazi nyingine.

Fundi wa majahazi aliongeza moja ambayo Dante asingeweza kuipata kwa Kitaliano: sifa inayopakwa chombo na sifa anayopakwa mkubwa ni neno moja, na zote mbili zinanuka papa.

Je, mnataja majina ya viongozi walio hai?

Hapana. Dante alitaja. Papa Bonifasi wa Nane alikuwa hai mwaka 1300, naye akamwekea shimo lake tayari: Papa aliyemtangulia humo, kichwa chini na miguu ikiwaka moto, anasikia mtu anakuja anadhani ni Bonifasi amewahi. Lakini Dante wakati anaandika alikwisha fukuzwa na kuhukumiwa kifo, hakuwa na cha kupoteza. Sisi tuna maduka na leseni, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na simu za kurekodi ziko mifukoni mwa kila mtu barazani.

Sababu ya pili ni ya kweli zaidi. Tulipojaribu kutaja majina, wiki ya kwanza kabisa, kila mmoja alimtaja aliyekuwa akimchukia toka zamani. Ikawa umbea wenye maduara. Sasa tunataja tendo, na mtendaji kila mtu anamwona mwenyewe kichwani.

Kwa nini zinaa iko juu na ulaghai chini? Si ni kinyume?

Hili lilitugawa barazani kuliko la dini. Kwa Dante wazinzi wako duara la pili tu, wanapeperushwa na dhoruba isiyotulia, na yeye mwenyewe akisikia kisa cha Francesca wa Rimini anazimia kwa huruma. Mwizi wa mali ya umma na mlaghai wako chini sana, na hao anawaonea huruma kidogo mno. Hoja yake: tamaa ni udhaifu wa mwili, lakini ulaghai unatumia akili, kile ambacho mnyama hana, kumwangamiza mtu aliyekuamini.

Baba mmoja alisimama akasema huyu Mtaliano anataka kutuharibia watoto. Mama wa vitumbua alimjibu akiwa bado amekaa. Akasema: kiongozi akifumaniwa, mji mzima hautalala, picha zitazunguka mpaka Lushoto. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inasomwa kila mwaka, inasema fedha za kisima hazina stakabadhi, na wewe baba fulani hujawahi kuifungua hata ukurasa mmoja. Mimi huyo wa fumanizi hakunipunguzia kitu. Huyo wa kisima ndiye anayeniamsha saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo.

Baba yule alikaa. Hakukubali, lakini alikaa.

Adhabu zinachaguliwaje? Ni ukatili tu?

Zinafanana na kosa, au ni kosa lenyewe limevuliwa nguo. Wanafiki wamevaa makoti yenye kofia yanayong'aa dhahabu nje, ndani ni madini ya risasi, wanajikokota polepole kwa uzito wake. Wachoyo na wabadhirifu wanasukuma mawe kwa vifua, wanagongana, wanatukanana: "Mbona unabana?" "Mbona unatapanya?" Nyuso zao zimefutika, hatambuliwi mtu. (Kamati za harusi, msinitazame mimi.)

Tuna mchezo wa kutunga zetu. Iliyoshinda mpaka sasa ni ya mtu wa "njoo kesho": ameketi kwenye benchi la mbao, mkononi ana namba 41. Dirishani wanaita 38, 39, 40, dirisha linafungwa kwa chakula cha mchana, likifunguliwa wanaanza na moja. Aliyeitunga ni kijana anayetafuta cheti chake cha kuzaliwa.

Kuna kitu Dante amesema ambacho hamjapata jibu lake?

Wimbo wa 33. Dante anakutana chini kwenye barafu na mtu anayeitwa Branca Doria wa Genoa, aliyemwalika mkwewe chakula akamuua. Dante anashangaa: huyu hajafa, anakula, anakunywa, analala, anavaa nguo. Anajibiwa kwamba dhambi ya usaliti ina desturi hiyo: roho inashuka papo hapo, na mwili unabaki juu ukiendeshwa na shetani mpaka siku zake ziishe.

Sisi tunawajua misukule: mwili umechukuliwa, watu wamezika gogo la mgomba. Huyu ni msukule wa kinyume. Hajaibwa na mtu, kajiuza mwenyewe, na mwili uko kazini, unasaini, unakata utepe, unakupa mkono, mkono wa moto kabisa. Tulikaa kimya. Utamjuaje? Mwalimu alisema Dante hatoi dalili. Hakuna aliyelala vizuri.

Chini kabisa kuna barafu? Jehanamu ya baridi?

Ndiyo. Ibilisi amekwama kifuani kwenye ziwa lililoganda, ana nyuso tatu na anatafuna wasaliti watatu: Yuda aliyemsaliti Yesu, na Bruto na Kasio waliomsaliti Kaisari. Upepo wa mbawa zake mwenyewe ndio unaoligandisha ziwa linalomshika. Waliosoma chuo cha Kurani walikumbuka zamhariri, ile baridi kali, na hawakushangaa.

Na nyinyi watu wa Tanga, waganga mmewaweka wapi?

Swali hili huulizwa na wageni kutoka Dar, wakitabasamu. Watabiri wako nane, mtaro wa nne, vichwa vimegeuzwa nyuma, machozi yanawatiririkia mgongoni. Wateja wao Dante hakuwawekea mahali, jambo ambalo naliona kosa, maana msimu wa uchaguzi magari yenye vioo vyeusi yanayotafuta njia za vijijini si ya watu wa Tanga.

Ni kweli mlikwenda kusomea kwenye Mapango ya Amboni?

Mara moja. Tulisoma maneno ya langoni kwa tochi, popo wakatujibu. Pale penye mzimu palikuwa na vitambaa na chupa za marashi, hatukugusa. Mtembezaji akatusimulia habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950, ambaye wakoloni walimwita mhalifu na wengine mpaka leo wanamwita mpigania uhuru. Basi ubishi ukaanza, duara la ngapi, au peponi, na mtembezaji akatutoa nje kwa sababu muda ulikwisha. Njiani, karibu na chemchemi za maji moto za Galanos, harufu ya kiberiti ikaingia garini na kila mtu akamtazama mwenzake.

Kuna kiingilio? Wanawake na Wakristo wanaruhusiwa?

Hakuna. Wanaruhusiwa, na wasingekuwepo tungekwisha zamani kupigana. Kahawa unajilipia, kashata pia.

Na yule bibi?

Naulizwa hili kila Jumatano tangu niliposimulia, na wa kwanza kuuliza alikuwa mwenye fulana tatu.

Nilirudi nikaiwasha kompyuta ya zamani iliyokuwa chini ya meza, imejaa vumbi la tona. Faili la hati ile lilikuwepo. Tarehe ndani ya hati inasema vingine, lakini kompyuta imeandika yenyewe siku na saa niliyolifungua kulichapa: saa tano na dakika kumi asubuhi, miaka miwili baada ya tarehe ya hati. Nikamtafuta bibi. Amehamia kwa binti yake Muheza. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia hata neno moja. Kisha akauliza kopi siku hizi ni shilingi ngapi.

Shauri liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimeitwa shahidi. Siku yenyewe ni Jumatano, saa tatu asubuhi, na wenye uzoefu wananiambia ya saa tatu husikilizwa saa kumi. Nikichelewa anzeni bila mimi. Ufunguo uko kwa muuza kahawa. Wimbo wa 21 uko ndani ya kabrasha la bluu, juu ya mashine ya kopi.